Ng'ombe wa Injinia

Wegesa binti Kisyeri alirudi kwao Kemambo akiwa na miaka ishirini na tisa, na wiki mbili baadaye wakwe zake wakaja kudai mahari yao. Ng'ombe kumi na mmoja walitolewa zizini mchana kweupe, wakaswagwa barabarani mbele ya watu. Kila aliyewaona alielewa bila kuambiwa: ndoa imevunjika, na mwanamke hakuzaa. Sehemu kubwa ya ng'ombe wa awali ilikuwa imeshamwolea mke kaka yake, Joram, kwa hiyo mzee Kisyeri alilipa kwa ng'ombe wake mwenyewe, wale aliowalea tangu ndama.

"Tata, nisamehe," Wegesa alimwambia baba yake jioni ile.

"Nikusamehe nini? Umeua mtu?"

Mzee hakumlaumu siku ile wala siku nyingine. Lakini Wegesa aliona jinsi alivyopunguza kukaa na wenzake kwenye pombe, kwa sababu huko, mtungi ukishafika nusu, lazima angetokea mmoja wa kuuliza habari za zizi lake.

Miaka ikapita, dhahabu ikapanda bei, na Nyamongo, eneo la migodi kuzunguka Kemambo, ikafurika watu. Walitoka Shinyanga, walitoka Musoma, walivuka kutoka Migori. Kila penye uwazi paliota kibanda cha mabati, na kelele za makarasha yanayosaga mawe zilianza alfajiri. Wegesa akafungua mgahawa karibu na karasha moja, meza tatu na mabenchi, akawa anapika ugali wa mtama na maharage, na nyama siku za Jumamosi. Vijana walikula wakiwa weupe kwa vumbi la mawe. Wanaume waliomtaka hawakukosekana, ila walimtaka kwa kumvuta mkono wakati anapokea hela ya chakula. Mmoja alipigwa mwiko kichwani, na wenzake wakajifunza kupitia kwake.

Kisha shamba dogo alilopewa na baba yake likaangukia ndani ya eneo lililohitajika kwa uchimbaji, akalipwa fidia. Aliiweka benki Tarime mjini na hakuigusa. Alijua anachotaka: mashine ya kusaga nafaka, iandikwe jina lake, ili hata akizeeka bila mtoto awe na kitu kinachonguruma na kumlisha.

Barua pepe aliifungua kwa ajili ya kazi. Ilisemekana kuna kampuni inatafuta wapishi wa kambi, na maombi yanapelekwa kwa kompyuta tu. Akaenda kwa Amondi, binti wa wafanyabiashara wa Kijaluo, aliyekuwa na chumba chenye kompyuta mbili na printa moja kando ya barabara. Amondi alikuwa na miaka ishirini na minne, mcheshi, Kiingereza kilimtoka kama maji kwa sababu alisomea kwa shangazi yake Kenya. Wegesa aliishia kidato cha pili. Amondi akamwandikia maombi, akamfungulia anwani, akamwambia apitie kila baada ya siku mbili tatu kuangalia majibu.

Majibu ya kazi hayakuja. Katika wiki ya tatu ikaja barua nyingine.

"Dada, umeandikiwa na mtu ambaye hatumjui," Amondi alisema huku macho yakiwa kwenye kioo. "Anasema, 'Mpendwa, usishangae kupata ujumbe huu. Nimeona anwani yako na moyo umenituma nikuandikie. Mimi ni Injinia Harold, mhandisi wa madini, mke wangu alifariki miaka minne iliyopita. Natafuta rafiki mwaminifu Afrika ya Mashariki, ambako nitahamia kikazi.'"

"Hajataja jina langu?"

"Wazungu ndivyo wanavyoanza," Amondi akajibu. "Tumjibu?"

Wegesa alicheka, akasema hana muda wa upuuzi. Kesho yake alirudi kabla hajawasha moto wa chai.

Wahandisi walikuwepo kweli. Aliwaona kila siku wakipita na magari ya mgodi yenye kibendera juu ya fimbo ndefu, vioo vimefungwa, miwani myeusi usoni. Kwa nini mmoja wao asiwe na moyo? Harold aliuliza mambo ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kumuuliza. Analala saa ngapi? Anapenda kula nini? Nani alimuumiza? Amondi alisoma kwa Kiingereza kwanza, polepole, halafu kwa Kiswahili, na Wegesa alikaa kwenye kiti cha plastiki mikono katikati ya magoti. Baada ya siku tisa Harold alisema anampenda. Siku ya kumi na moja aliuliza kama ana nyumba, shamba, au akiba, "kwa kuwa wapendanao hawafichani." Wegesa akamwambia yote: ng'ombe waliorudishwa, mashine anayoiota, fidia iliyoko benki.

"Sasa mwambie," akamwagiza Amondi siku moja, "kwetu Kuryani mwanamke haolewi kwa maneno. Anaolewa kwa ng'ombe."

Jibu lilikuja kesho yake. Harold alikuwa tayari kumpa mzee Kisyeri ng'ombe ishirini. Alimtaja mzee kwa jina. Wegesa aliomba barua ile ichapwe, akailipia, akaikunja ndani ya Biblia pamoja na nyingine. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini kwa kurudiarudia alizishika sentensi nzima kichwani. Kulikuwa na moja aliyoipenda kuliko zote: moyo wangu ulikuwa mgeni kila mahali, kwako umefika nyumbani.

Sauti yake hakuwahi kuisikia. Kila alipoomba wazungumze kwa simu, Harold alikuwa melini, au katika kambi isiyo na mtandao, au kipaza sauti kimeharibika. Wegesa aliona ni kawaida. Hata pale Kemambo kuna sehemu mtandao unapotea.

Alipomwambia baba yake, mzee akauliza, "Ni mtu wa mungu gani?"

"Mkristo, tata."

"Na ng'ombe atanunua wapi?"

"Mnadani. Akishafika."

Mzee Kisyeri akachukua panga. Kwa wiki nzima alikata nguzo na miiba, akalipanua zizi hatua sita upande wa mashariki, akiwa na miaka sabini na tatu. Wegesa alipomkataza alimwambia, "Ng'ombe ishirini watalala wapi? Kichwani kwako?" Jioni zile alirudi kwenye pombe na wenzake, na alikaa mpaka mwisho.

Ndipo likaja suala la kifurushi. Harold alikuwa ametuma sanduku lenye pete, nguo za baba, na fedha za ng'ombe, likashikwa na forodha ya uwanja wa ndege. Ilitakiwa ada kidogo ya kulitoa, naye fedha zake zote zimo humo humo. Wegesa alipanda gari hadi Tarime, akatoa sehemu ya fidia, akatuma kwa jina alilopewa, la mtu mwingine kabisa, katika nchi ya mbali ambayo hakuijua ipo upande gani. Siku sita baadaye ikatakiwa ada ya cheti, kwa sababu fedha nyingi ndani ya sanduku zimeleta maswali. Akatuma. Mara ya tatu alimuuliza Amondi, "Wewe unaonaje?"

Amondi alikuwa anapanga karatasi. "Dada, mimi nasoma tu," akasema.

Akatuma na mara ya tatu. Nusu ya mashine ikawa imekwenda.

Harold akataja siku: Jumamosi, saa sita, atafika mwenyewe na sanduku mkononi. Mzee Kisyeri akaalika kaka zake wawili, akachinja mbuzi. Wegesa alifunga mgahawa, akavaa gauni la kitambaa cha bluu alilolishonesha Sirari. Walikaa. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani, wazee walinyoosha shingo. Saa nane wakala nyama. Saa kumi kaka mkubwa wa Kisyeri alisema wageni wa mbali huchelewa, akasema kwa upole mno, na upole ule ndio uliomchoma Wegesa. Jua lilipoanza kushuka wazee waliaga mmoja mmoja, na baba yake akaingia ndani bila kuvua koti lake la sherehe.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa Amondi. Alikuwa bado anamwogopea Harold. Huenda amepata ajali. Akamkuta mwalimu Tabitha, wa shule ya msingi ya jirani, amesimama kwenye printa anacheka hadi machozi.

"Shikamoo, mwalimu," Wegesa alisema.

"Marahaba, mama. Njoo usikie vichekesho! Wezi wa mtandaoni wameniandikia. Nimemwambia Amondi anichapie, nikamwonyeshe mume wangu kwamba nina mchumba." Akainua karatasi, akasoma kwa kutafsiri, akiigiza sauti nzito: "'Mpendwa, usishangae kupata ujumbe huu. Nimeona anwani yako na moyo umenituma…' Hata jina langu hajui! Lakini sikia hapa: 'Moyo wangu ulikuwa mgeni kila mahali, kwako umefika nyumbani.'"

Wegesa akasogea kuiona karatasi. "Anaitwa nani huyo?"

"Daktari Stanley. Kesho ataitwa jina jingine. Wanaandika barua moja, wanaitupa kwa watu elfu, kama anayerusha wavu. Anakupenda kabla hajakuona, hapokei simu, halafu anapata shida na wewe ndiye wa kumwokoa, na hela unatuma kwa jina la mtu mwingine. Dada yangu alishaponea chupuchupu Mwanza." Tabitha akaona uso wa Wegesa, na kicheko kikakatika. "Mama, unaumwa?"

Wegesa hakumtazama Tabitha. Alikuwa anamtazama Amondi, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kwenye kibodi, vidole vimetulia.

"Ulijua," Wegesa alisema.

Amondi akaisukuma kibodi kando.

"Nakuuliza, Amondi. Ulijua lini?"

"Barua ya tatu," Amondi alisema kwa sauti ndogo. "Kuna mama wa Morotonga alileta ile ile. Maneno yale yale. Ya kwako ilikuwa Harold, ya kwake ilikuwa kapteni wa meli."

"Na yule mama ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Mimi je?"

Amondi akaanza kulia. "Yeye alicheka tu, dada, akaifuta. Wewe ulikuwa umeshaanza kupaka mafuta ukija hapa. Nilisema nitakwambia kesho. Kesho ikifika unaingia unatabasamu, unalipa, unaniletea na maandazi. Siku zingine tangu asubuhi wewe peke yako ndiye uliyeingia na hela. Na zile barua zako… nikikusomea, nilikuwa naziongezea maneno mazuri. Nilizipenda. Kama ni mimi ninayeandikiwa."

"Hata nilipokuuliza mara ya tatu?"

"Ningesema nini wakati ule? Ungejua nilinyamaza tangu mwanzo."

Tabitha alikunja karatasi yake taratibu. Wegesa alitoka nje. Makarasha ya pande zote mbili za barabara yalikuwa yananguruma, kijana mmoja akamwita kumuuliza kama leo kuna chai. Alipita bila kumjibu. Yule Harold alimuuma, ni kweli, lakini Harold hakuwa mtu, alikuwa maneno. Amondi alikuwa na uso. Alikuwa amekula maandazi yake, amemfuta machozi alipohadithia habari za ng'ombe, na muda wote ule alikuwa anamtazama mtu anavyotembea kuelekea shimoni, na shimo analiona.

Alimkuta baba yake anakoroga dawa ya kuogeshea ng'ombe wachache waliobaki. Alimwambia yote akiwa amesimama. Mzee aliacha kukoroga.

"Huyo mtu anajua jina langu?"

"Nilimwandikia, tata."

"Anajua jina langu na la kijiji changu, na mimi lake silijui." Akauweka chini mti wa kukorogea. "Na huyo binti wa Kijaluo?"

"Alijua."

Mzee akatikisa kichwa, akanawa mikono, akachukua fimbo yake. Wegesa aliamini anakwenda kujificha. Kumbe alikwenda moja kwa moja kwenye pombe, na habari zilimfikia Wegesa kupitia kwa Joram. Mzee alisimama katikati ya wenzake kabla hawajapata nafasi ya kuuliza lolote, akasema, "Nimeibiwa. Mwizi hakuja na mshale, alikuja na barua. Amechukua ng'ombe ishirini ambao sijawahi kuwaona na jasho la mwanangu ambalo nimeliona. Mwenye la kucheka, acheke sasa nikiwa hapa." Mmoja alicheka kweli. Wengine wakamsogezea mzee kiti.

Wegesa alipeleka taarifa polisi akiwa na barua zote. Askari alizisoma, akaandika maelezo, akamwambia wazi kwamba fedha zikishapokelewa nchi nyingine kuzipata ni bahati. Bahati hiyo haikuja. Wiki iliyofuata Amondi alifika mgahawani wakati wa mchana na bahasha. Ndani yake mlikuwa na hela ya barua zote, kila ambacho Wegesa alimlipa kwa kusoma na kuandika. Wegesa aliipokea, kwa sababu ilikuwa yake. Hakumkaribisha kukaa.

"Dada, nisamehe."

"Nimekusikia," Wegesa alisema, akarudi kwenye sufuria.

Jumapili, baada ya ibada, alianza kwenda kwa mwalimu Tabitha kujifunza Kiingereza, saa moja kila wiki. Alikuwa mgumu kuelewa na mwepesi kukasirika, lakini hakukosa. Mashine aliinunua miaka minne baadaye kuliko alivyopanga, iliyotumika, kutoka kwa mjane mmoja wa Kenyamonta. Wanaume wawili walikuja kuposa katika miaka hiyo, watu wa karibu, wenye majina na koo zinazojulikana. Aliwakataa wote wawili. Mmoja alikuwa mtu mwema, na Wegesa alilijua hilo hata alipokuwa anamkatalia. Kila aliposikia neno tamu akili yake ilikuwa ikitafuta nani mwingine ameshalisikia.

Amondi alifunga chumba chake, akahamia Sirari, akaolewa huko. Kila mara wafanyabiashara waliotoka upande ule walimletea Wegesa salamu zake.

"Mwambie nimezipata," alikuwa akiwajibu, na kuwauliza bei ya mtama.