Sekunde Tisa za Picha ya 4K

Kwenye video ya harusi ya mpwa wake, mke wangu anaonekana kwa sekunde tisa. Mara ya kwanza nilihesabu nane, nikarudia. Hakupenda kupigwa picha. Simu ikiinuliwa tu, yeye anakumbuka kitu jikoni. Kwa hiyo alipofariki, miezi minne baada ya harusi ile, nilibaki na picha ya kitambulisho, ambayo hata mwenyewe aliikana, na hizo sekunde tisa.

Mpiga video aliipandisha mtandaoni kwa ubora wa 4K. Binti yangu aliyeko Mwanza akanitumia kiungo, na runinga ya kuichezea alishanitumia zamani. Sikuwa na kisingizio. Lakini kwangu Ujiji picha ilikwama. Kaduara kalizunguka katikati ya kioo mara thelathini na moja ndipo bwana harusi akapiga hatua moja. Nikiiacha runinga ijichagulie ubora, inashuka yenyewe kama muuza dagaa wa ufukwe wa Kibirizi anavyoshuka bei mawingu yakijikusanya na mzigo bado umeanikwa mchangani: 1080, 480, mpaka 240. Kushusha watu bei nimezoea, ila siku hizo nilitamani mtu akaze. Kwenye 240 video ilikwenda bila kusita, na mke wangu alikuwa doa la kitenge cha njano, uso hauna macho.

Nilitaka kuuona uso, basi. Nilitaka kujua kama siku ile alifurahi, maana miezi iliyofuata ilikuwa ya hospitali na hatukupata nafasi ya kuulizana mambo kama hayo.

Nilifanya yote aliyonielekeza binti yangu. Nilizima ruta, nikahesabu sekunde sitini, nikaongeza nyingine sitini, nikawasha. Nilisasisha runinga. Nikapiga simu kwa watu wa mtandao, wakaniuliza ni wangapi wengine ndani ya nyumba wanatumia intaneti. Nikawaambia hakuna. Wakauliza tena, nikajibu tena.

Mwishowe nikamwita fundi, mama mmoja wa makamo kutoka Mwandiga. Tulipatana bei mpaka sote wawili tukahitaji maji. Alikuja Jumamosi mchana, akaniamkia, akasimama sebuleni karibu na ruta akipima kasi ya mtandao kwa simu yake: arobaini na nane. Akaenda chumbani kwenye runinga: sita. Nikamwomba apime tena. Sita.

“Mtandao unafika kwako vizuri, Mzee,” akasema. “Unapotelea humu humu ndani.”

Ruta ilikuwa ndani ya kabati la vyombo lenye kioo cha kujitazamia mgongoni, nyuma ya chupa za chai, na juu ya ruta kitambaa cha kufuma kwa ajili ya vumbi. Fundi akacheka, akasema huyu tumemfunika shuka halafu tunamlaumu hasemi. Nikamwambia aliyemfunika ndiye ninayemtafuta kwenye video. Akaacha kucheka, akakikunja kitambaa mara nne, akanipa mkononi.

Tulipoitoa ruta nje ya kabati, picha ilipanda hadi 1080. Ikiguswa 4K, kaduara kanarudi. Ukuta wa tofali za kuchoma ulikuwa unakula kilichobaki, na runinga nilikuwa nimeihamishia chumbani kwa sababu sebuleni kuna viti saba na mkaaji ni mimi peke yangu. Ikabaki kuvuta waya. Fundi alisema mita kumi na tano. Nikapima kwa hatua, nikapata kumi na mbili. Nikarudia, kumi na mbili. Akakata kumi na mbili, kama nilivyotaka, na waya ukaishia mlangoni pa chumba.

“Hatua zako ni za mnunuzi, Mzee,” akasema.

Basi tukaibeba runinga, yeye upande huu na mimi ule, tukairudisha sebuleni. Akachomeka waya. Nikachagua 4K kwa mkono wangu na kuisogeza video mpaka mahali pake.

Akaonekana. Kitenge kilikuwa na ndege wadogo ambao sikuwahi kuwajua. Mkoba wake alikuwa ameuweka kwenye kiti cha pembeni. Mwanamke mmoja akainama kutaka kukaa pale, mke wangu akaufunika mkoba kwa kiganja, akatikisa kichwa kwa upole. Kisha akanyoosha shingo kuelekea mlango wa ukumbi. Hakuwa na furaha wala huzuni. Alikuwa anasubiri.

Fundi alikuwa anakusanya vifaa vyake, akasita.

“Anamtafuta nani?”

“Mimi.”

“Ulikuwa wapi?”

“Nje. Napatana na dereva wa kuturudisha Ujiji.”

Alitazama kioo cha runinga, akanitazama mimi. “Akashusha?”

“Elfu mbili,” nikasema.

Picha haikukwama hata kidogo. Ilimpita, ikaenda kwenye keki.