Goti na Wembe

Ndani ya lori la samaki linalotoka Kasomeno, harufu ya gunia lililolowa maji ya barafu inanirudisha utotoni, kwenye mkeka wetu, mtaani Kampemba. Goti langu lilikuwa limevimba kama papai, lina joto, halikunjiki. Bibi alikuwa ameshika wembe ili anichanje na kupaka dawa, kama alivyochanja magoti yote ya ukoo.

"Hapana, mama," mama yangu alimwambia. "Damu ya huyu mutoto haisimamake mbio. Munganga wa hospitali alisema hakuna kuchanja, hakuna kukanda. Barafu na kulala tu."

"Barafu? Sasa huyu iko mutoto ao iko chupa ya bia?"

Siku tatu mama alikaa kati yangu na wembe, akibadilisha ndani ya gunia barafu aliyoiomba kwenye baa ya jirani. Asubuhi ya nne, king'ora cha mgodi kikilia, nilikunja goti. Nikasimama, nikavuka uwanja mzima peke yangu. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Tangu hapo, kila mtoto aliyeletwa kuchanjwa, bibi aliuliza kwanza, kwa sauti ya munganga kabisa: "Damu yake inasimamaka?"