Uzi Mwekundu wa Fundi Cherehani

Jirani yangu, fundi cherehani, hagusi vitoto vya mbwa anavyovilea kabla vifaa havijawa tayari. Hujaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, huzivisha mabaki ya kitenge, huchemsha bomba la sindano la kunyweshea, kisha hupima joto la maziwa ya mbuzi kwa mkono wenye makovu ya pasi. Lori la kwenda Lilongwe lilimuua mama wa mbwa hao, likaacha watoto wanne wanaohara, macho hayajafumbuka. Kila mmoja alimfunga shingoni uzi wa rangi yake.

“Maman, batoto ya bantu banalala njaa, we unanyonyesha imbwa?” Marguerite, jirani Mkongo mwenzake, alimcheka kutoka mlangoni.

“Lete chupa yako. Yangu imepoa.”

Jana, wenzake watatu wakiwa wameshakufa, alibaki wa uzi mwekundu, naye alikuwa wa baridi. Nilichukua bomba nimnyweshe. Fundi akanishika mkono.

“Mwenye baridi hanyweshwi, atasongwa. Joto njo kwanza.”

Akamtia ndani ya blauzi, akaendelea kukanyaga cherehani. Saa sita mchana mguu ulisimama kwenye pedali. Akamtoa, hapumui tena, akafungua ule uzi, akautunga kwenye sindano, akavuta sweta jekundu la shule lililokosa kifungo.