Kesi Isikilizwe Upya

Mtu aliyemkata mjomba mkono alirudi kijijini kwetu Baray mchana wa jua kali. Alipita mbele ya nyumba yetu na mfuko wake mmoja, akamsalimia mama kwa Kiiraqw, lugha yetu, kama mtu anayetoka mnadani. Mama alikuwa anachambua mbaazi. Aliitikia kwa mazoea, halafu ungo ukamponyoka.

Tulijua amefungwa miaka mingi. Siku alipomkata mjomba, wawili hao waligombea zamu ya maji ya kumwagilia vitunguu. Mjomba alikuwa ameinama akizibua tope mferejini, panga likamshukia kwa nyuma, akazimia bila kumwona aliyelishika. Aliyeona ni mama peke yake. Mahakama ya wilaya Karatu ilimsikiliza, ikamfunga yule mtu, jirani yetu wa shambani, nasi tukadhani yamekwisha.

Kesho yake niliomba ruhusa kwenye lodji ya Karatu ninakofanya kazi, nikaenda kwa mwendesha mashtaka. Alinieleza kwamba katikati ya ile kesi hakimu alihamishwa, na hakimu aliyeipokea hakuandika sababu ya kuichukua. Kwa kasoro hiyo Mahakama Kuu, kwenye rufaa ya mshtakiwa, imefuta mwenendo wote wa kesi na kuamuru kesi isikilizwe upya. Mshtakiwa yuko nje kwa dhamana.

"Lakini si alishahukumiwa?" nikauliza.

"Kisheria hukumu ile haipo tena. Angekuwa ameachiwa huru kihalali, tusingeweza kumshtaki mara ya pili kwa kosa lilelile. Hapa tunaanza mwanzo, na mama yako itabidi aje aseme yote tena."

Nilipomweleza mjomba, alitazama mkono wake unaoishia kwenye kiwiko.

"Na huu nao unaanza mwanzo?"

Shamba la yule mtu liko juu ya letu. Miaka yote maji yalikuwa ya kugombea, lakini sasa yalikuja hata siku zisizo zetu. Mama akifika anakuta matuta yamejaa, na jirani amesimama ukingoni, ameegemea jembe.

"Nimekufungulia, dada. Majirani tusaidiane."

Siku moja yule mtu akamwuliza kwa upole kama kumbukumbu zake bado ni nzuri.

"Umri huu tunasahau, dada. Hata mahakama imesema ile kesi ni kama haikuwepo."

Mama akaacha kwenda shambani peke yake. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta jikoni akijisemea ushahidi wake, jua lilikuwa upande gani, yeye alisimama wapi. Kadiri alivyorudia ndivyo alivyozidi kusitasita.

"Mwanangu," akaniambia, "sijui tena kama naikumbuka ile siku, au nakumbuka nilivyoisema."

Mahakamani, wakili wa utetezi alimsomea maelezo aliyoyatoa polisi zamani.

"Polisi ulisema ulikuwa ng'ambo ya mfereji. Leo unasema ulikuwa upande wa kaka yako. Ulikuwa wapi, mama?"

Hakimu akainua kalamu, akamsubiri.

"Nilikuwa pale," akasema mwishowe. "Mkono ulianguka, nikauona."

"Swali langu ni ulikuwa wapi."

Mama akageukia kizimbani. Yule mtu alikuwa akimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa.

Hakimu alisema ushahidi umeacha shaka, na shaka humnufaisha mshtakiwa. Akamwachia huru. Nje, mwendesha mashtaka alituambia kwamba Jamhuri isipokata rufaa, hakuna atakayeweza kumshtaki tena kwa lile tukio. Rufaa haikukatwa.

Nilimhamishia mama kwangu, Karatu. Haulizi habari za shamba, na akisikia lugha ya nyumbani barabarani hugeuka haraka kuangalia ni nani. Mjomba alikataa kuja. Alisema lile ni shamba la baba yao, aende wapi? Analima hapohapo chini ya jirani yake, kwa mkono mmoja.

Kila Jumapili baada ya ibada nampigia simu. Ikichelewa kupokelewa, mama huacha anachokifanya na kunitazama mdomoni. Kisha mjomba anasema, "Nipo," na tunaanza kuzungumza habari za mvua.