Sentensi ya Kengele ya Kanisa

Norman Shorrock aliigiza vichekesho kwenye televisheni miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakumaliza sentensi hata moja.

Alikuwa kasisi. Si kasisi wa kweli. Kola yake nyeupe ilikaa London kwenye chumba cha mavazi, juu ya msumari, na kila Alhamisi aliivaa akaingia sebuleni kwa Mama Tibbs, sebule ya mbao na karatasi. Siku ya kwanza kabisa alipewa sentensi moja tu: "Mama Tibbs, nimekuja kukuambia kwamba kengele ya kanisa itapigwa saa tano badala ya saa nne." Alikuwa ameikariri wiki nzima, hata bafuni. Akaingia, akasema, "Mama Tibbs, nimekuja kukuambia kwamba kengele ya kanisa," na mlango ukang'oka ukamwangukia.

Fundi aliyeufunga mlango ule aliomba radhi huku analia. Lakini watazamaji mia tatu waliokaa studioni walicheka mpaka bibi mmoja akatolewa nje kupepewa. Bwana Pomfret, mwongozaji, alishuka ngazi mbio.

"Umeumia?"

"Kidogo. Naweza kurudia, ile sentensi nai..."

"Usirudie! Wiki ijayo tutakuangushia kabati."

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi. Norman akifungua mdomo, mashine ya kufyonza vumbi inanguruma, au treni inapita, au mwenye makaa anamwaga gunia. Kwenye karatasi zake maneno yaliishia kwenye nukta tatu. Lakini midomo ya mtu haiwezi kuishia kwenye nukta tatu, ikabidi fundi wa sauti amfundishe. "Wewe endelea kuichezesha tu, mzee. Sema chochote. Hakuna atakayekusikia."

Basi Norman akawa anasema chochote. Kelele ikianza, anajikumbusha kununua viazi. Anasema viatu vinambana. Mwaka wa tatu alianza kumsema Derek Vane, nyota wa kipindi, aliyevaa wigi na kuapa kwamba ni nywele zake alizozaliwa nazo. "Leo limekaa upande," Norman alisema chini ya mngurumo, kwa uso wa ibada. "Linafanana na paka aliyelowa." Kisha kelele inakoma, anainamisha kichwa, anatoka. Watu wanapiga makofi.

Kazi ililipa, na watu walimpenda. Ila Norman alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilitoka nyumbani.

Kwao ni Burnley, mji wa viwanda vya nguo. Baba yake, Harold, alikufia kitandani Norman akiwa na miaka kumi na tisa, familia nzima imesimama. Alimtazama mkewe akasema, "Clara, ufunguo..." Sauti ikakata, midomo ikatikisika kidogo, akaenda zake. Ufunguo gani? Norman na wajomba zake waliutafuta miaka mitatu. Walipasua godoro. Waling'oa mawe ya uani. Mjomba Fred aliwanyonyoa njiwa wawili wa marehemu, akidhani huenda umefichwa kwenye manyoya. Hawakuupata, wala hawakujua ungefungua nini.

Kwa hiyo Norman, alipotimiza miaka hamsini na minane, na daktari akasikiliza moyo wake akasema "Hm" bila kuongeza neno, alikosa usingizi. Aliona wazi kwamba na yeye atakufa katikati ya sentensi, tena yake itakuwa ya kengele. Akajiapiza: kabla ya kufa, nitaimaliza ile, na watu watasikia.

Mwaka uleule wakaamua kukigeuza kipindi kuwa filamu. Norman alikwenda ofisini kwa Bwana Pomfret, kofia mkononi.

"Nitaigiza kwa sharti moja. Sentensi yangu niimalize."

"Sentensi ipi?"

"Ile ya kwanza."

Bwana Pomfret alifikiri kidogo. "Inaishaje? Inachekesha?"

"Itapigwa saa tano badala ya saa nne."

"Yaani ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo."

"Mungu wangu, Norman." Lakini alikubali. Ikawekwa mwisho wa filamu, uso wake peke yake ukijaa kwenye skrini.

Siku ya kupiga picha studio ilinyamaza kama kaburi. Norman akasema, "Mama Tibbs, nimekuja kukuambia kwamba kengele ya kanisa," akakodoa macho, akakunja mabega, akasubiri kitu kimwangukie. Hakikuanguka kitu.

"Endelea!" alifoka Bwana Pomfret.

"Samahani. Nilikuwa nasubiri."

Mara ya pili alisubiri tena. Mara ya tano alijikinga kichwa kwa mikono. Mara ya tisa alikuwa ameshafika "itapigwa saa," na saa ya ukutani ikagonga saa kumi jioni. Kigari cha chai kikaingia, na watu arobaini wakaweka chini walichoshika, maana chama chao cha wafanyakazi kilishakubaliana na wakubwa kwamba saa kumi ni chai, hata kama nyumba inaungua.

"Hata maneno matano tu?" Norman aliwaomba.

"Mzee, chai ikipoa, nani atajibu?" alisema mshika taa, na biskuti mdomoni.

Mara ya kumi na tisa akaimaliza. Yote, kwa sauti safi. Kisha akaketi chini palepale.

Filamu ilipofika Burnley, mji mzima ulikwenda sinema. Norman alikaa katikati, Derek Vane kulia kwake. Mstari wa mbele yao alikaa mama yake Clara, miaka themanini na moja, na shoga zake Nellie na Alice. Wote watatu walikuwa wafumaji. Miaka arobaini walisimama kwenye mitambo iliyopiga kelele mpaka masikio yao yakafa, na kama wafumaji wote wa pale walizungumza kwa midomo mitupu, wakisomana kutoka upande huu wa kiwanda hadi ule. Hata nyumbani Clara alitazama televisheni huku sauti imezimwa. Norman alilijua hilo kama alivyoyajua meno yake mwenyewe, na kama meno, hakuwahi kulifikiria.

Filamu ikaenda, watu wakacheka. Mwisho ukafika. Uso wa Norman ukajaa ukutani. "Mama Tibbs, nimekuja kukuambia kwamba kengele ya kanisa..."

Na mji mzima, kwa mapenzi yote waliyokuwa nayo, ukamsaidia.

Walipiga viti. Walipiga miguu. Kondakta wa basi alikuja na kengele yake. Bendi ya matarumbeta ilikuwa imejificha nyuma kabisa, na yule mwenye tarumbeta kubwa, muuza nyama kwa kazi, alipuliza mpaka vumbi likashuka darini. Norman alisimama. "Jamani, nyamazeni, safari hii nai..." Tarumbeta likammeza. Ukutani midomo yake ilicheza, ikafunga. Taa zikawaka. Watu wakamshangilia.

Alikaa chini, mkono kifuani. Basi imekwisha, alijiambia. Ndivyo nitakavyokufa.

Mama yake akageuka. "Saa tano badala ya saa nne," alisema. "Ndiyo nini sasa? Hilo tu?"

Norman alimtazama. "Mama. Umesikia?"

"Nitasikia na nini, mwanangu? Nimeona."

"Mimi sikuipenda," alisema Nellie. "Ile ya paka aliyelowa ilikuwa tamu zaidi."

"Ipi ya paka?"

"Ya wigi la Derek. Na ile ya Bwana Pomfret kunuka vitunguu. Alice alicheka hiyo mpaka akapoteza meno kwenye supu."

"Nilinunua mengine," alisema Alice.

Norman alikiinamia kiti cha mbele. "Mmekuwa mnasoma yote? Miaka yote hii?"

"Sisi tu? Burnley nzima, na miji ya jirani, Nelson na Colne, kila mwanamke aliyewahi kusimama kwenye mtambo. Kila Alhamisi."

"Na hamkuniambia!"

Clara alishangaa kwa dhati. "Mtu akisema kitu kazini, hakitoki kazini. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Nilikuuliza tu siku moja kama ulinunua viazi."

Derek Vane alimwinamia Norman polepole, mkono kichwani. "Norman," alinong'ona. "Wigi gani?"

"Hakuna wigi, Derek."

"Lipo," alisema Nellie, aliyekuwa anamtazama Norman mdomo.

Norman hakuwa hata na nafasi ya kuona haya. Kitu kingine kilikuwa kimemjia. "Mama. Baba siku ile. Ufunguo."

"Ah, huo. Alisema, 'Ufunguo wa banda la njiwa nimeupoteza, msijisumbue kuutafuta.'"

"Mama! Tuliutafuta miaka mitatu! Tulipasua godoro!"

"Kumbe ndiyo mlichokuwa mnatafuta? Nilidhani mnafanya usafi." Akampapasa mkono. "Baba yako alimaliza, Norman. Ninyi mlikuwa mnasikiliza. Mimi nilikuwa naangalia."

Alhamisi iliyofuata Norman alivaa kola yake akaingia kwa Mama Tibbs. Derek alikuwa amevaa kofia, na akasema ataivaa mpaka kustaafu. "Nimekuja kukuambia," alianza Norman, na mashine ya vumbi ikanguruma. Akaikabili kamera. Akawaona wote kwa akili yake, maelfu ya wanawake, sindano za kufumia soksi zimetulia mapajani, macho kwenye mdomo wake. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili hakupata la kusema. Alisimama, mdomo wazi kama samaki, na watazamaji wa studioni wakacheka kuliko siku zote.

Kisha midomo ikasogea. "Mama, nakuja Jumapili. Niwekee..."

Hapo kamera ikamgeukia Derek.

Kule Burnley, Clara alichomeka sindano zake kwenye donge la uzi.

"Anakuja Jumapili," alimwambia Nellie kwa midomo.

"Nimeona. Umwekee nini?"

"Matumbo na siki."

"Hilo hakusema."

"Hakuhitaji," alisema Clara, na akainuka kuuangalia mtungi wa siki kama umebaki na kitu.