Aliyeleta Koti la Mume Wangu

Msomaji huyu wa Mbozi ametuomba tulifiche jina lake, nasi tumelificha. Maneno ni yake mwenyewe.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, nina watoto watatu, tunalima kahawa na mahindi upande wa Igamba. Nina hasira na askari wa boma, na zaidi nina hasira na nafsi yangu.

Wakati wa vita, matarishi wa boma walipokuwa wakikamata wanaume kuwapeleka mashamba ya mkonge, nilimficha mume wangu ndani ya kihenge cha mahindi, nikamwambia karani wa boma, "Amevuka mpaka, yuko migodini." Akaandika kitabuni. Wake wengi huku tulisema hivyo hivyo, tukarudi nyumbani tukicheka.

Vita ikaisha. Mwaka huu mume wangu alikwenda Ivuna kuchukua chumvi, safari ya siku chache tu. Wiki ya nne ikapita. Nikaenda boma nikilia, askari akafungua kitabu chake.

"Mumeo yuko migodini, mama. Ulisema mwenyewe."

Nikakiri kwamba nilidanganya. Akasema, "Basi hata leo unadanganya." Niliporudi mara ya pili alinisukuma nikaangukia ngazi. Hakutuma hata mtu mmoja kuuliza Ivuna.

Siku mbili baadaye tulikuwa tunachuma kahawa, nikaona mtu nisiyemjua anakuja, amevaa koti la mume wangu, lenye kiraka nilichokishona mwenyewe. Sikuuliza kitu. Nilipiga yowe, "Huyu ndiye aliyemuua!" Shemeji zangu wawili wakamrukia na mipini ya majembe. Walimpiga kichwa, wakampiga mbavu, meno yakamtoka. Nami nilimponda uso kwa jiwe, sitaficha hilo. Alipokuwa hajiwezi tena ndipo tukasikia anachosema: "Yu hai... mguu umevunjika... kanipa koti mniamini."

Jamani, nani huku hajui kwamba mtu akitumwa mbali hupewa nguo ya aliyemtuma iwe ushahidi? Nimekulia katika desturi hiyo! Alikufa pale pale, kati ya vikapu vya kahawa. Tukamzika shambani.

Shemeji wakaenda Ivuna, wakambeba mume wangu kwa machela. Sasa anapona. Tulimwambia kwamba yule aliyemtuma alirudisha koti, akala, akaaga.

Juzi alikuja kwangu mwanamke mjamzito kutoka Ivuna, kwa miguu, anamtafuta mumewe, yule aliyeleta koti. Boma wamemwambia, "Wanaume wenu huvuka mpaka, nenda kwako ukasubiri." Askari wangeuliza njiani tu, wangefika mlangoni kwangu siku hiyo hiyo. Naogopa waje, na nawalaani kwa kutokuja. Mume wangu, kwa moyo mweupe, amemwapia kwamba mumewe aliondoka kwetu salama.

Nikisema kweli, shemeji zangu watanyongwa, na mimi pia, na watoto wangu watabaki na baba kilema. Nikinyamaza, huyu mama atazaa huku akitazama njia. Anakula ugali wangu, ananisaidia kuchuma kahawa, hajui anakanyaga wapi. Jana aliniambia, "Dada, nitakaa kwako mpaka nimpate."

Ninyi mnaosoma, nishaurini: nimjibu nini?