Kimio cha Kajetani Hakikuwa na Kosa

Sikumlisha mume wangu limbwata. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa hapa mtaani Bombambili tangu tumzike: eti Kajetani alikauka sauti kwa kuwa mkewe, yule mwalimu anayejiona, alimtilia kitu kwenye mboga ili asiweze kumfokea. Kajetani hakuwahi kunifokea. Aliyetaka kumsikia akipaza sauti alikwenda kanisani.

Siku za kazi alikuwa seremala, Jumapili mwalimu wa kwaya. Besi yake ilitetemesha benchi la mbele. Watoto waliliwekea viganja makusudi. Mwaka juzi, baada ya Pasaka, ikaanza kukwaruza.

"Mwalimu, leo umemeza msasa?" wanakwaya walimtania, naye akacheka. Akanywa tangawizi na asali. Zahanati wakampa vidonge, akamaliza, wakampa vingine.

Mwezi ulipokatika nikamwambia, "Baba Violet, haya si mafua. Huna homa, hukohoi, na sauti hairudi. Twende kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo, akuchungulie ndani." Nimefundisha baiolojia sekondari. Najua koo halionekani lote kwa kupanua mdomo kwenye dirisha la zahanati.

Alikubali. Shati la safari lilikwisha kupigwa pasi, ndipo kaka yake Alfonsi akaingia kutoka Namtumbo.

"Shemeji, mnahangaika bure. Hicho ni kimio, kimeshuka kinamkwaruza. Kwetu yuko mzee anakikata. Unatema mate, unarudi kuimba."

"Shemeji, kimio hakiimbi."

"Ninyi wasomi! Baba alikatwa, mimi nimekatwa. Au unataka mdogo wangu apewe jina la ugonjwa ndiyo ufurahi?"

Kajetani aliniangalia, akamwangalia kaka yake. Kwao mkubwa akishasema, mdogo hapingi. Akaondoka naye, amevaa shati lile nililolipiga pasi.

Alirudi ameziba mdomo kwa leso yenye damu. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi hakikuwapo. Tangu hapo kila kitu kikawa "kidonda cha kimio". Sauti ikageuka mnong'ono: kidonda. Ugali ukamkwama: kidonda, kitapona. Sikio la kulia likamuuma, wifi yangu Lidwina akaja na mafuta ya uvuguvugu, akayamimina kwenye sikio lisilotoa usaha wala kuziba. Nilipopapasa uvimbe shingoni mwake, nikampandisha gari mwenyewe. Alfonsi alikuwapo, akanuna. Nikamwacha na mnuno wake.

Bingwa alimpitishia puani mpira mwembamba wenye kamera. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Mama, kimio hakikuwa na kosa. Uvimbe ulianzia kwenye nyuzi za sauti, na sasa umeenea. Sikio ni zima. Maumivu yanatoka kooni. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, ndipo tunapotaka kumwona mtu. Wengi wanaowahi hupona."

Kajetani alisikia yote. Akafunga vifungo vya shati, akamshukuru daktari kwa mnong'ono.

Hakumaliza mwaka. Kwenye matanga, Lidwina akikoroga uji wa waombolezaji, akasema kwa sauti ya kufika barabarani: "Kaka yangu alikuwa akinguruma kama lori la mahindi. Ameoa msomi, kawa bubu!" Wanawake wakacheka. Kucheka, na kaburi bado bichi.

Lidwina namjua mdomo wake. Anayenichoma ni Alfonsi. Alikaa hatua chache kutoka pale, akasikia, na alijua nani alimpeleka ndugu yake wapi. Angeweza kusema sentensi moja. Akainamia sahani yake, akaendelea kula. Leo wanangu wanaitwa watoto wa mchawi, naye hupita hapa akisalimiwa shikamoo.

Miezi ile ya mwisho ni mimi peke yangu niliyemsikia Kajetani, sikio langu likiwa midomoni mwake. Sasa ndugu zake wanatuma watu getini waniulize alisema nini, na kama alimtaja mtu.

Alisema. Nilisikia vizuri. Siwaambii.